Saruji ya Mbayuwayu

 

Mhariri wetu amenibana tangu mwezi uliopita niandike habari za Oman, maana kati yetu hapa chuoni ni mimi peke yangu niliyekaa kule miezi mitano mfululizo. Nadhani alitegemea nilete habari za ngamia, tende na halua. Ngamia niliwaona, tende nilikula mpaka meno yakauma, na halua ya Nizwa jamani msiniulize, nilirudi nimeongezeka kilo nne. Lakini leo nataka kuandika juu ya ndege. Mtanivumilia. Mwisho wake mtaona kwamba habari yenyewe ni ya bibi yangu.

Mambo yalianzia maabara. Mimi nasoma uhandisi wa ujenzi, na utafiti wangu ni wa kuta za udongo: udongo gani unapasuka, upi unashika, na kwa nini. Benchi la jirani yangu kuna dada mmoja wa Ajentina. Siku moja akanionesha picha kwenye simu: juu ya nguzo ya uzio kuna kitu kama tanuri dogo la mkate, la udongo, lina mlango pembeni. Nikasema hilo ni tanuri la watoto wa kuchezea? Akacheka. Kumbe ni kiota. Ndege mwenyewe anaitwa hornero, jina linalotokana na neno la Kihispania lenye maana ya tanuri, na tangu mwaka 1928 ndiye ndege wa taifa la Ajentina.

Sio ndege wa kutisha kwa sura. Ana rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, koo jeupe, urefu wa sentimita 20 hivi, na anatembea chini kwa miguu akitafuta wadudu. Lakini kazi yake, bwana wee! Dume na jike wanachukua tope, wanachanganya na majani makavu na samadi, wanajenga kuba lenye uzito wa kilo 4 au zaidi, na ndege mwenyewe hafiki hata gramu 60. Ndani wanaweka ukuta wa kukinga, kwa hiyo ukiingia mlangoni hulioni yai. Lazima upinde kona kwanza. Upepo haufiki, na adui mkono wake haufiki. Kisha mwaka unaofuata aghalabu wanajenga jipya, na lile la zamani wanaingia wapangaji wengine.

Dada yule akaniuliza, "Kwenu hakuna ndege wa hivi?"

Nikajibu haraka haraka kwamba hakuna. Nikarudi kwenye kazi yangu. Lakini jibu lile lilinikaa vibaya siku nzima, kwa sababu lilikuwa uongo. Wapo. Mimi mwenyewe nilibomoa nyumba ya mmoja wao.

Bibi yangu mzaa baba anaishi wilaya ya Bahi, mkoa wa Dodoma. Wale wa kwetu mnaijua tembe: nyumba ndefu ya miti na udongo, paa bapa la fito na udongo juu yake, fupi kiasi kwamba mgeni lazima ainame mlangoni. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, Bibi alihamishwa pamoja na wenzake kwenda kijiji kipya cha ujamaa, baba yangu akiwa mtoto wa mgongoni. Serikali ilitaka watu waachane na tembe wajenge nyumba za kisasa. Bibi alifika mahali pageni, hana tofali hata moja, akajenga tembe nyingine kwa mikono yake mwenyewe. Humo ndimo nilimolala kila likizo ya shule.

Barazani, chini ya boriti, kulikuwa na kiota cha mbayuwayu. Wale wenye kichwa chekundu kama kutu na kifua chenye michirizi. Kiota chao ni kama kibuyu kilicholazwa, cha vidonge vya tope, na mlango wake ni mrija mrefu. Kila mvua za Desemba zikianza, wanarudi, wanakarabati. Bibi alikuwa na sheria chache sana na moja ilikuwa hiyo: kiota kisiguswe. Ukiuliza kwa nini, anasema, "Nao wamejenga." Basi, mjadala umekwisha.

Nilipomaliza digrii ya kwanza nikapata kazi kwa mkandarasi mmoja. Mshahara wa miezi minane niliuweka wote, nikaenda kijijini na mafundi wawili na lori la mchanga. Injinia wa ukoo nimefika. Tukavunja tembe kwa siku moja na nusu, tukasimamisha nyumba ya tofali za saruji, vyumba vitatu, bati, madirisha ya vioo. Baba alilia kwa furaha. Aliniambia mbele ya watu kwamba sasa hakuna atakayemcheka kwamba mama yake analala kwenye udongo. Kiota kilianguka na boriti. Sikuangalia ndani. Bibi alikuwa amesimama chini ya mwembe, hakusema neno.

Sasa twende Nizwa.

Mkoa wa Ad Dakhiliyah ni nchi ya udongo na majabali. Nizwa penyewe kuna ngome ya karne ya 17 yenye mnara wa duara mkubwa ajabu, na nyuma yake mtaa wa zamani wa Al Aqr, nyumba za tofali za udongo zilizosongamana, nyingine zimeanguka, nyingine zinakarabatiwa ziwe nyumba za wageni. Maji yanakuja kwa falaji, mifereji ya kale inayoleta maji kutoka chini ya ardhi hadi mashamba ya mitende. Falaji Daris ya hapo Nizwa ni mojawapo ya zile tano zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2006 kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mimi nilipewa ruhusa kupima plasta ya udongo kwenye nyumba moja ya Al Aqr iliyokuwa inakarabatiwa.

Fundi mkuu wa pale alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei. Siku ya kwanza nilimsalimu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Akanitazama, akasema, "Wewe mtu wa wapi?" kwa Kiswahili safi cha Unguja. Nusura nidondoshe vifaa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, mimi wa Dodoma." Akasema, "Marahaba mwanangu. Aa, wa Bara. Karibu."

Asili ya ukoo wake ni Ibra, mkoa wa Ash Sharqiyah Kaskazini, ambako koo nyingi zilikuwa na mguu mmoja Unguja na mwingine Oman kwa vizazi kadhaa. Yeye alizaliwa Unguja, akaondoka mtoto mwaka 1964. Wengi wa aina yake walirudi Oman hasa baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani. Nikawa namwita Ami, naye ananiita Dodoma.

Sasa sikilizeni kituko. Juma la kwanza nikamuuliza, "Ami, huu mfereji na hili birika, mwanzo walijenga kwa nini?" Akasema, "Saruji." Nikamwuliza tena, na ngome je? "Saruji hiyo hiyo." Nikaandika daftarini kwa masikitiko: majengo yameharibiwa kwa ukarabati wa saruji, karne ya 20. Siku tatu nzima niliamini hivyo. Kumbe saruji ya Ami sio ya mfuko. Kwa Waomani saruji ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa. Wanaupanga pamoja na magogo ya mitende, wanawasha moto unaokaa siku kadhaa, kisha wanausaga na kuuchanganya na chokaa. Unashika hata ndani ya maji, ndiyo maana mifereji ya falaji imedumu. Neno letu limetoka huko huko. Lilikuja pwani na watu wa majahazi, na siku saruji ya viwandani ilipofika tukalibandika juu yake.

Nilicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri. Maana hata saruji yetu ya mfuko, ile ninayoisomea, ni mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa kwenye tanuri la nyuzi 1,450 hivi. Miaka yote nimejiona mtu wa saruji dhidi ya watu wa udongo. Kumbe sote tunafinyanga, tofauti ni moto tu.

Tukirudi kwa ndege. Kwenye sebule ya ile nyumba, juu ya boriti ya mtende, kulikuwa na kiota. Huyu wa Oman ni mbayuwayu wa majabali, jina lake la kitaalamu ni Ptyonoprogne obsoleta. Mdogo, sentimita 12 au 13, uzito kama gramu 20, rangi ya kijivu ya vumbi juu na nyeupe iliyochafuka chini. Ukimwona amekaa ukutani unaweza kudhani ni bonge la plasta. Uzuri wake anauonesha akigeuka hewani: anakunjua mkia, na unaona madoadoa meupe kama mtu aliyetabasamu ghafla. Haendi kasi kama mbayuwayu wa Ulaya. Anateleza taratibu sambamba na ukuta wa ngome, anarudi, anateleza tena, akidaka wadudu. Asili yake ni mapango na majabali, lakini ngome na daraja kwake ni jabali vilevile. Na ndugu yake wa karibu kabisa anaishi kwetu, kwenye miamba ya Afrika Mashariki. Ni ukoo mmoja, kama Ami na mimi.

Kiota chake hakina kuba kama cha hornero wala mrija kama cha barazani kwa Bibi. Ni nusu bakuli, limegandishwa ukutani chini ya kitu cha kulikinga. Vidonge mia kadhaa vya tope, kimoja kimoja kwa mdomo, ndani wameweka manyoya na nyasi laini. Wakishajenga vizuri hukitumia tena na tena.

Mwezi wa tatu ratiba yangu ilisema ukuta ule ubanduliwe plasta Jumatatu. Nilihitaji kupaka sampuli zangu na kuziacha siku 28 kabla ya ndege yangu ya kurudi. Kwenye kiota kulikuwa na mayai matatu. Nikamwambia kijana mmoja apande ngazi akiondoe. Ndiyo, mimi. Nimesema mwenyewe, sio mkandarasi wala mtu mwingine. Nilikuwa na ratiba.

Ami aliingia kijana akiwa ngazi ya tatu. Akamwashiria ashuke. Kisha akanigeukia, "Kwenu hamna ndege hawa?"

Swali lile lile la dada wa Ajentina! Safari hii sikudanganya. Nilimwambia habari yote, ya tembe, ya kiota, ya Bibi chini ya mwembe. Nilitegemea atanipa pole, wazee wetu wa pwani wana maneno mazuri ya pole. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema:

"Sasa unataka uvunje na la pili?"

Tukasubiri. Baba na mama waliatamia kwa zamu. Makinda yalipototolewa wazazi walikuwa wanaleta chakula karibu kila dakika sita, nilihesabu kwa saa ya mkononi kama mtu asiye na kazi, na kweli sikuwa nayo. Makinda yaliondoka baada ya wiki tatu na siku chache. Nilibadilisha tiketi, nikalipa faini kutoka mfukoni kwangu. Zilikuwa pesa nilizotenga kwa ajili ya rangi na dari ya nyumba ya Bibi.

Lakini kusubiri kule ndiko kuliokoa utafiti wangu. Sampuli zangu za majaribio kwenye ukuta wa nje zilikuwa zinapasuka kama visigino vya mkulima. Nilikuwa nimeweka mfinyanzi mwingi, kwa kudhani kinachonata zaidi ndicho imara zaidi. Mfinyanzi ukikauka husinyaa, na ukisinyaa hupasuka. Ami akaniambia niache kumwangalia ndege kwa huruma, nimwangalie kama fundi. Nikamfuata mpaka ukingo wa falaji. Hachukui tope la katikati, lile laini zuri. Anachukua la pembeni lenye mchanga ndani. Na hajengi kwa siku moja. Anaweka safu, anaondoka, safu inakauka, kesho anaongeza. Angejenga yote asubuhi moja kiota kingeanguka kwa uzito wake.

Nyumba ya pili yake kulikuwa na kiota kilichokwisha anguka chenyewe. Nilikiokota, nikakichekecha. Mchanga mwingi kuliko wangu, mfinyanzi kidogo. Mate yake nayo yana kazi: mwaka 2021 wahandisi wa Korea Kusini walichapisha utafiti kuonesha jinsi mate ya ndege yanavyogandisha chembe za tope. Mimi mate sina ya kutosha, nikaweka makapi ya majani na kupaka tabaka nyembamba, moja kwa siku. Haikupasuka. Kule nyumbani tunasema akili za mbayuwayu, changanya na zako. Mimi nimechanganya kwa kipimo, na msimamizi wangu amekubali sura nzima ya tasnifu.

Kabla sijaondoka, Ami alinipeleka Ibra kwa gari lake, kisha tukashuka hadi Sur kuona bahari na majahazi. Ibra kuna mtaa wa kale wa Al Munisfeh, majumba ya wafanyabiashara, mengi sasa ni magofu. Tukasimama ndani ya moja, paa limeondoka. Akaniambia zamani boriti za mikoko zilivuka bahari kutoka mwambao wetu kuja kuezeka nyumba za huku. Palikuwa na mbayuwayu wanaingia na kutoka juu ya vichwa vyetu. Akasema, "Hawa ndio wenye nyumba sasa." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuonesha jirani.

Jioni ile nikampigia Bibi kwa simu ya binamu yangu.

"Mume wangu, hujambo?"

"Sijambo Bibi, shikamoo. Nyumba inaendeleaje?"

"Nyumba yako nzuri sana. Wageni wanaipenda."

Wenye bibi mnaelewa jibu hilo. Nikamwuliza yeye analala chumba gani. Kimya. Binamu akachukua simu akasema polepole kwamba Bibi analala jikoni. Jiko ni kibanda cha udongo tulichokisahau kukivunja. Ndani ya nyumba mchana bati linawaka na usiku kuta za tofali zinatoa joto, na miezi ya sita na saba baridi ya Dodoma inapita moja kwa moja. Imekuwa hivyo tangu mwaka wa kwanza. Miaka sita! Hakusema kwa sababu nilikuwa nimejenga. "Nao wamejenga", si mnakumbuka.

Ndugu zangu, sitaki mnielewe vibaya. Sisemi turudi wote kwenye tembe. Paa la tembe linavuja, mchwa wanakula nguzo, na mvua kubwa ikija watu hulala macho. Bibi ameyaona hayo yote kuliko mwandishi yeyote anayesifia udongo akiwa ndani ya chumba chenye hita. Ninachosema ni kwamba nilikwenda na jibu kabla ya kuuliza swali. Nilikuwa na cheti, yeye alikuwa na miaka hamsini ya kukandika kuta, na sikumwuliza hata neno moja.

Kwa hiyo Desemba nakwenda. Nimechora chumba kimoja cha Bibi, ubavuni mwa ile nyumba: msingi wa mawe na saruji ya mfuko, kuta nene za tofali za udongo, bati la juu lenye ukingo mrefu, na chini yake dari ya fito na udongo. Nilimtumia mchoro kupitia binamu. Bibi akarudisha masahihisho mawili. Mlango uangalie mwembe, na barazani niache boriti moja nje, isipigwe rangi.

Baba hajafurahi. Aliniuliza kwenye simu kama nimesoma Ulaya ili nimrudishe mama yake kwenye matope, akakata. Hatujaongea vizuri tangu mwezi wa tisa. Namwelewa. Yeye ndiye aliyechekwa shuleni, sio mimi. Sijui kama atakuja siku ya kuanza msingi. Nimemwomba aje anisaidie kuchagua udongo, maana nakumbuka alikuwa anajua kichuguu kipi kinafaa. Bado hajajibu.

Mwisho, mwenye kujua tiketi ya bei nafuu ya katikati ya Desemba anitafute maabara, ghorofa ya pili. Nikichelewa mvua zitaanza, na udongo hautakauka.